Soseji za Mama Simu

Soseji hazitaki maneno mengi. Unazipangusa maji, unazichanja kwa ncha ya kisu ili ngozi isipasuke, unazilaza kwenye kikapu cha mashine zisigusane, unasukuma kikapu ndani, unazungusha kitufe, basi. Mashine inaunguruma kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Katikati unavuta kikapu, unakitikisa zigeuke, unakirudisha. Zikishaiva, unatia humo humo mikate ile mirefu ipate joto kidogo tu, isije ikawa mbao. Hakuna mafuta ya kuruka, hakuna moshi, hakuna kusimama jikoni jasho linakutoka kama umenyeshewa. Mwanamke tunayemzungumzia hapa angeweza kuifanya kazi hiyo akiwa amefumba macho, na kusema kweli, siku nyingine ndivyo alivyoifanya.

Mashine yenyewe ilikuwa kikaangio cha upepo, cheusi, kikubwa kama ndoo, na alikuja nacho kutoka ng'ambo. Wenzake aliosafiri nao walirudi na mablanketi na televisheni za kuning'iniza ukutani. Yeye alirudi na kikaangio. Walimcheka pale pale uwanja wa ndege, naye akawaacha wacheke, maana hata kukasirika alikuwa ameshaacha.

Watu walimwita Mama Simu. Jina hilo alipewa na mtoto wake wa kumzaa, na hakulipewa kwa ubaya. Alipoondoka kwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za watu, mtoto ndiyo kwanza meno ya mbele yanaota. Baba wa mtoto alikuwa ameshafariki, na maisha hayangojei mtu amalize matanga. Akamwacha mtoto kwa mdogo wake, fundi cherehani, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa wala hana habari ya kuolewa. "Namshika kidogo tu, dada," fundi alisema. "Ukirudi unamchukua wako." Kidogo hicho kikawa miaka. Mtoto alijifunza kusimama kwa kushika miguu ya meza ya cherehani, akajifunza kusema, na neno la kwanza alilosema alimwambia fundi: Mama. Kwa haki kabisa alitakiwa kumwita mama mdogo, lakini mtoto mchanga hana nafasi ya maneno mawili. Yule mwingine, wa kwenye kioo cha simu, aliyekuwa akitokea jioni na kusema "mwanangu, umekula?" kabla picha haijakwama mdomo wazi, akaitwa Mama Simu. Mtaa mzima ukalidaka. Hata aliporudi kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na mabegi, jina likabaki pale pale.

Mtoto huyo, fundi alimwita Kipusa, nasi tumwite hivyo hivyo.

Mama Simu alirudi kwa sababu fundi alikuwa amepata mchumba. Bwana huyo alikuwa dereva wa lori, mpole, mwenye tumbo la kutosha na maneno machache, na alikuwa akiishi mji mwingine. Likizo ya shule ikiisha fundi angehamia huko. Sasa mtoto je? Dada mtu na mdogo wake walilizungumza kwenye simu mpaka masikio yakapata joto.

"Mimi sikupi mtoto kama furushi," fundi alisema. "Wala sikunyang'anyi. Njoo ukae naye likizo nzima. Likizo ikiisha mwenyewe atasema, anabaki kwako au anakuja na mimi. Ana akili zake yule."

Mama Simu akakubali. Bosi wake huko ng'ambo, mwanamke mwenye haraka na roho isiyo mbaya, akamwahidi kwamba nafasi yake ataishikilia mpaka likizo iishe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Mtoto akisema nabaki, Mama Simu naye anabaki, anaanza maisha ya watu wote. Mtoto akisema naondoka, hapa nyumbani hakuna tena kinachomshikilia. Atarudi akalee watoto wa wengine mpaka magoti yagome.

Ila lilikuwepo jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Hakuwa akihisi kitu.

Aligundua siku aliyofika. Fundi alimsukuma Kipusa mbele, kagauni kapya, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika, na mtoto akaja akamkumbatia kama alivyoelekezwa. Mama Simu akamkumbatia pia. Akangoja. Alikuwa ameliota kumbatio hilo akipiga deki, akibandua mashuka, akimenya vitunguu vya watu, na sasa alikuwa nalo mikononi, na kifua kikawa kimya. Alinusa sabuni kichwani mwa mtoto, akajisemea, sabuni nzuri hii. Basi, hicho tu.

Msimwone ana roho mbaya. Mwanzoni huko alilia sana. Alikuwa akilia chumba cha kufulia, mashine ya kufua ikizunguka ili asisikike, na kila akilia aliunguza shati la mtu kwa pasi. Akaona kwa mtindo huu nitafukuzwa, na nikifukuzwa mtoto atakula nini. Akajifunza kutolia, na alipokuwa akijifunza hilo hakujua kwamba anajifunza na mengine. Ukiukalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, na ukiinuka unangoja ule mchomo wa sindano ndipo ujue mguu bado ni wako. Yeye alikuwa ameinuka. Sindano hazikuja.

Alipanga vyumba viwili na jiko dogo lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Chumba chenye mwanga akampa Kipusa. Na jioni ya kwanza akapika soseji.

Tumwelewe hapa. Kwa bosi, watoto walikula soseji kila mama yao alipochelewa kazini, na mama yao alichelewa karibu kila siku. Ni chakula cha haraka, watoto wanashangilia, vyombo ni vichache. Kwa akili ya Mama Simu, hicho ndicho chakula ambacho watoto wanakipenda. Watoto wote, popote walipo. Akaweka sahani mezani mbele ya Kipusa, akarudi nyuma.

Kipusa akaitazama sahani. Soseji ilikuwa imepasuliwa kwa urefu, kisha ikakatwakatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama punje ya harage. Mkate ulikuwa umeondolewa ngozi na kumegwa.

"Anakula nani hivi?" akauliza.

"Wewe. Isije ikakukaba."

"Mimi naingia darasa la tano."

Mtu mwingine hapo angecheka, au angeona haya, au angalau angejishika mdomo. Mama Simu alisema "sawa," akachukua sahani, akarudi jikoni, akaleta nyingine yenye soseji nzima ndani ya mkate mzima. Akili yake ilijua kabisa kwamba mtoto amekua, alikuwa akimwona kwenye simu kila wiki. Mikono ndiyo haikuambiwa. Ilikuwa imemkatia yule mtoto wa meno mawili iliyemwacha.

Kisha akasimama kando ya ukuta, kitambaa mkononi.

"Hukai?" Kipusa akauliza.

"Nitakula baadaye."

"Sasa unangoja nini hapo?"

"Labda utataka kitu."

"Sitaki kitu."

"Sawa."

Hakuondoka. Kipusa alikula haraka haraka, macho kwenye sahani, kama mtu anayejua anatazamwa. Alipomaliza tu, sahani ikachukuliwa, meza ikafutwa, kiti kikarudishwa mahali pake akiwa hata hajafika mlangoni. Mama Simu akala yake jikoni, amesimama, ameegemea sinki. Haikumpitia akilini kwamba kuna namna nyingine ya kula.

Siku zikaenda hivyo. Nyumba ilimeta. Nguo za Kipusa zilipigwa pasi mpaka zile ambazo hakuna mwenye akili timamu anayezipiga pasi. Ndala zake zilipangwa mlangoni zikitazama nje, tayari kwa kuvaliwa. Asubuhi Mama Simu alimwuliza, "Leo utapenda kula saa ngapi?" Na alipotaka kuingia chumbani kwa mwanawe alibisha hodi, akangoja aitikiwe. Jioni mashine iliunguruma, soseji zikatoka. Siku hii za kawaida, siku ile zimewekwa jibini katikati, siku nyingine zimeviringishwa kwenye unga zikawa kama zimevaa shuka. Kipusa alisema "asante" kila mara. Mama Simu alisema "karibu." Ungewasikia kwa nyuma ya mlango ungedhani ni mgeni na mhudumu, na hungekuwa umekosea sana.

Mchana alijaribu. Tusimnyime haki yake, alijaribu. Alimsuka nywele, na alisuka vizuri, huku akisubiri kichwa kile kilichomwegemea mapajani kimfanye kitu. Alimtazama akilala kwenye kochi mdomo wazi. Alijisemea kimoyomoyo, huyu ni mwanangu, huyu ni mwanangu, kama mtu anayekariri jibu la mtihani. Aliogopa kidogo, na hata hofu yenyewe ilikuwa ya mbali, kama ya jirani.

Likizo ilipofika katikati, fundi akaja kuwatazama. Alimtuma Kipusa dukani akanunue uzi, uzi ambao hakuuhitaji hata kidogo, kisha akavuta kiti.

"Kaa, dada."

"Nikupikie kitu kwanza?"

"Kaa, nimesema. Nimekuja kukuona wewe, sikuja kula."

Mama Simu akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mtoto ananiambia hapa ni kama hotelini," fundi akasema.

"Si vizuri? Ameridhika."

"Dada, hotelini watu hawakai. Wanalala, wanaondoka."

"Sasa nimfanye nini? Nampikia, namfulia, sijamkaripia hata siku moja."

"Ndiyo hilo! Mkaripie! Mimi nimempiga makelele mtoto yule mpaka sauti imekauka. Anaacha maji yanamwagika, namwambia wewe una wazimu? Na yeye ananijibu, tunanuniana, jioni tunacheka. Wewe unamwambia asante na karibu. Humpendi?"

Fundi aliuliza kwa hasira, lakini alikuwa anauliza kweli. Mama Simu alifikiria.

"Namtumia kila kitu miaka yote hii."

"Sikuulizi ulichotuma."

"Najua," Mama Simu akasema.

Fundi alimtazama dada yake kwa muda. Walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni, wamegombea shuka moja. Akamshika mkono, akaugeuza, akaona kiganja kilichobabuka kwa sabuni kali. "Wamekufanya nini huko?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hawajanifanya kitu. Walikuwa wazuri tu," Mama Simu akajibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Kipusa akarudi na uzi wa rangi isiyofaa, fundi akamkemea mpaka kwenye ngazi, na mtoto akacheka siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Likizo ilikuwa inakwisha simu ilipoita. Mama Simu alikuwa jikoni anachanja soseji za jioni. Kioo kikaonyesha bosi, lakini alipopokea akatokea mtoto wa mwisho wa bosi, yule aliyemlea tangu kitovu hakijakauka, kamasi zimechanganyika na machozi. Dada mpya wa kazi, alisema, ameharibu soseji. Zimepasuka zote, ngozi imetoka, zinatisha. Yeye hali. Hatakula tena mpaka afe.

Na hapo, jamani, Mama Simu akawa mtu mwingine.

Aliiegemeza simu kwenye chupa ya maji. Akainua soseji moja mbele ya kioo, akaichezesha, akaifanya izungumze kwa sauti nyembamba. Soseji ikasema inaogopa joto, ikasema jamani nichanjeni kabla sijaingia kuoga. Akamwonyesha mtoto: hapa mstari, hapa mstari, mwambie dada afanye hivi. Akavimbisha mashavu, akapiga chafya ya uongo, akaimba wimbo wa kijinga waliokuwa wameutunga wawili hao siku za mvua. Mtoto kule akacheka huku analia. Naye akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, mabega yanatikisika, mkono umeshika meza asianguke. Yote hayo kwa lugha ya kule, upesi upesi, kama maji. Kitu cha moto kikampanda kifuani mpaka kooni, akashtuka, maana alikuwa ameshakisahau kilivyo.

Alipokata simu bado anatabasamu, akageuka. Kipusa alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua amesimama hapo tangu lini. Lugha ile mtoto hakuielewa hata neno moja, lakini uso wa mama yake aliuona, na haikuwa sura aliyowahi kuonyeshwa yeye.

"Yule nani?" Kipusa akauliza.

"Mtoto wa bosi."

"Anapenda soseji?"

"Sana. Anazipenda zikiungua kidogo kwenye ncha. Sosi hataki iguse mkate, unamwekea kando, anachovya mwenyewe. Ana kikombe chake cha kijani, ukimpa kingine hanywi. Akiwa na homa hali kitu ila mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na lazima umlishe wewe, siyo mama yake. Akilala anashika sikio. Lake, au lako ukiwa karibu. Anaogopa kinyozi. Anaogopa maputo, lakini siyo mekundu…"

Alishindwa kunyamaza. Yalikuwa yanatoka yenyewe. Kipusa alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama darasani.

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi napenda nini?"

Mama Simu akafungua mdomo. Angeweza kudanganya, watu wazima huwadanganya watoto kwa makubwa zaidi ya hayo. Angeweza kusema unapenda kusukwa, unapenda kaptula yako ya bluu, akabahatisha. Mashine nyuma yake ilikuwa tupu, imefunguliwa, inangoja.

"Sijui," akasema.

"Sipendi soseji," Kipusa akasema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekuambia nje kuna mawingu. "Sijawahi kuzipenda. Zinanikaa hapa." Akagusa koo.

"Mbona hukusema? Siku zote hizi?"

"Mama alinikataza. Alisema nisilalamikie chakula. Alisema usije ukaondoka tena."

Mama Simu akaziangalia soseji kwenye ubao, zimechanjwa vizuri, mistari imelingana. Akajua kwamba hapa ndipo mama mwingine angelia. Alingoja machozi kwa adabu, kama unavyongoja mgeni aliyesema anakuja. Hayakuja.

"Unapenda nini basi?" akauliza.

"Chochote," Kipusa akajibu, vile watoto wanavyojibu wakishamchoka mtu, akaenda chumbani kwake.

Jioni zilizobaki walikula mayai na mkate. Kikaangio kikapanguswa, kikarudishwa kwenye boksi lake. Kipusa hakununa, wala hakuonyesha kinyongo. Alikuwa na adabu ile ile, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mama Simu akahesabu kwamba ameshashindwa. Alilipokea kama alivyopokea kila kitu, kama taarifa. Bosi alipotuma ujumbe kuuliza "unakuja?" akajibu kwamba atamjulisha siku fundi atakapopita.

Siku hiyo lori lilisimama nje, honi ikalia mara moja, kwa upole wa mwenyewe. Vyombo vya fundi vilikuwa vimeshapangwa nyuma, cherehani imefunikwa turubai. Fundi akapanda ngazi anahema, amevaa vizuri, macho mekundu kabla hata ya kuanza. Alipofika mlangoni akakanyaga begi.

Lilikuwa begi la Kipusa. Limejazwa, limefungwa zipu, limesimamishwa kando ya mlango. Ndani nguo zote zimepigwa pasi na kukunjwa. Juu yake kulikuwa na mfuko wenye chakula cha njiani, na chupa ya maji.

"Nini hiki?" fundi akauliza.

"Vitu vyake," Mama Simu akasema. "Nimeona nisiwacheleweshe. Safari ndefu."

"Umemfungashia? Mtoto kakwambia anaondoka?"

"Hajaniambia kitu."

"Umemwuliza?"

"Sijamwuliza."

Fundi akainama, akavuta zipu, akachungulia ndani, akaifunga tena. Kazi ya mtu aliyefanya kazi za ndani muda mrefu ni kujua mgeni anaondoka kabla mgeni hajasema. Mabegi yanakuwa chini, viatu vimepigwa rangi, usisumbuliwe mtu. Mama Simu alikuwa ameifanya kazi hiyo asubuhi ile bila kuifikiria, na kwa ustadi mkubwa. Fundi akayaona hayo yote kwenye mikunjo ya nguo zile, na hasira ikamwishia miguuni.

Kipusa alikuwa ametoka chumbani. Akalitazama begi. Akamtazama Mama Simu.

"Nani kakwambia naondoka?"

"Nilidhani…"

"Hukuniuliza."

"Sawa. Samahani. Nakuuliza," Mama Simu akasema, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kutafuta kitambaa cha kushika.

Kipusa alilishika begi kwa mikono yote miwili, akaliburuza kurudi ndani, likigonga miguu ya viti, mpaka chumbani. Wakasikia zipu inafunguliwa. Wakasikia nguo zikitupwa, siyo kuwekwa, kutupwa, na ndipo fundi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, hana aibu, mkono kwenye fremu ya mlango, maana alikuwa amemlea mtoto yule tangu hajui kujikuna na sasa alikuwa anamwacha. Kipusa alitoka akamkumbatia kiunoni, wakakaa hivyo, fundi akimnong'oneza maneno yao wenyewe. Mama Simu aliwapisha nafasi. Hakujua aende wapi katika nyumba yake mwenyewe.

Lori lilipokwisha kukata kona, simu ikaita.

"Vipi, nikukatie tiketi?" bosi akauliza, haraka haraka kama kawaida yake.

"Sitakuja, bosi. Nina mtoto."

"Lakini mtoto si ulikuwa naye siku zote?" bosi akasema. Hakukusudia kuumiza, alikuwa ameshangaa kweli.

"Ndiyo, bosi. Nilikuwa naye."

Akaiweka simu. Kipusa alikuwa sebuleni, ameketi sakafuni, uso bado umevimba kwa kumlilia fundi. Mama Simu akamwendea, akachuchumaa mbele yake, kwa mbali kidogo.

"Kwa nini umebaki?" akauliza. "Nilidhani utakwenda na mama yako."

Kipusa alijipangusa pua kwa kiganja. Alifikiri kwanza, alikuwa mtoto wa kufikiri.

"Mama ana mume sasa," akasema. "Na ana wateja. Kule kuna na mama wa mume, kuna wifi zake, nyumba imejaa. Wewe huna mtu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo. Mimi hata sikujui vizuri." Akainua mabega. "Lakini huna mtu."

Mama Simu akaitikia kwa kichwa. Alitaka kusema sawa. Neno lilifika kwenye meno likakataa kutoka. Alikuwa anahurumiwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe, na huruma ile hakuwa ameifanyia kazi yoyote, hakuipikia, hakuifulia. Ikamuuma. Ilimuuma mahali ambapo alidhani hapana tena mtu, na ikaendelea kuuma, na akaona kwamba anaitaka, kwamba akiachiwa achague atachagua hiyo hiyo. Akaketi chini kwa kishindo, akaanza kulia. Hakulia kistaarabu. Alilia vibaya, mdomo wazi, kwa sauti ya mtu ambaye hakuna kazi inayomngoja wala shati linaloungua. Kipusa alimtazama, hajui amshike au amwache. Kisha akainuka, akaenda kufunga mlango ili majirani wasisikie.